Kipanya Kisicho na Dereva

Nilikinunua kwa bei ya kutupa, dukani Poruba,
siku theluji ilipogeuka tope jeusi kwenye reli.
Kwenye boksi waliandika: rangi milioni kumi na sita.
Hawakuandika kwamba zote zitakesha nami.

Chumba chetu ni kimoja. Meza, kitanda, kitanda kidogo cha Kvido,
na dirisha linalotazama dohani za kiwanda cha chuma.
Nikizima taa, ndipo kipanya kinapoamka:
nyekundu, machungwa, kijani, buluu, zambarau,
ukutani, darini, usoni mwa mtoto,
kikihema kama mgonjwa wa homa.
Nilikivika soksi. Soksi ikawaka.
Nilikifunika kwa sufuria. Zdislava akauliza
tunapika nini saa sita ya usiku.
Kukichomoa ni kusogeza kabati,
na kabati letu hulia kuliko mtoto.

Kwenye karatasi ya maelezo, herufi ndogo kama sisimizi:
taa huongozwa kwa programu ya Windows pekee.
Mimi ni mtu wa Linux, tangu kompyuta ile niliyoiokota karakanani.
Skrini ikanijibu: dereva hakupatikana.
Nilicheka peke yangu.
Miaka kumi na tisa naendesha tramu Ostrava hii,
nimewapeleka kazini wachimba makaa hadi makaa yakafungwa,
leo naambiwa nyumbani mwangu hakuna dereva.

Usiku wa kwanza nilisikiliza tu.
Nikaazima kompyuta ya shemeji Bořivoj, yenye Windows,
nikabonyeza nyekundu, nikatega sikio kwenye waya,
nikabonyeza kijani, nikatega tena,
kama anayesikiliza majirani kupitia ukuta:
maneno huyaelewi, lakini unajua nani kamtaja nani.
Baiti sitini na nne. Nyingi ni sifuri, kimya cha adabu.
Ya nane, ya tisa, ya kumi: hapo ndipo rangi zilipokaa.
Nikaziandika nyuma ya ratiba ya zamu.

Usiku wa pili niliamuru: sifuri, sifuri, sifuri.
Ruhusa imekataliwa.
Mimi! Kwa kipanya changu, juu ya meza niliyoiunga mwenyewe!
Ilibidi niombe kwa jina la mzizi,
nikakosea nywila mara mbili, vidole vina baridi,
na giza likaja.
Lilibaki gurudumu la katikati tu, kaidi, likiwaka na kuzima.
Nikalibandika plasta.

Sijui kama umewahi kukaa katika giza ulilolitolea jasho.
Lina uzito wa mkate.
Nilisikia friji. Nilisikia Kvido akimeza mate.

Saa kumi alfajiri, kishindo.
Goti la Zdislava, kona ya meza, na tusi la kijijini kwao
ambalo sitalitafsiri.
"Nani kaiba taa?"

Kumbe miezi minne alikuwa akinyonyesha kwa mwanga ule.
Kijani ndicho kilichomwonyesha chuchu ya mpira ilikoangukia.
Zambarau ikipita mara thelathini, mtoto ameshiba.
Mimi nakilaani, yeye amekwisha kukifanya saa.
Hakuniambia. Sikuuliza. Zamu zangu, usingizi wake:
tulipishana kama tramu mbili, kila mmoja akiona taa za mwenzake tu.

Usiku wa tatu niliandika faili, mistari sita.
Giza hadi saa tisa na nusu, kisha rangi ya kaharabu, hafifu,
arobaini, ishirini, sifuri,
kama taa ya nyuma ya tramu ya mwisho ikiingia karakanani.
Nikaongeza na kanuni, ili kikichomolewa kisijisahau.

Akaja na Kvido begani, akatazama kwa muda.
"Nzuri," alisema. "Zambarau iko wapi?"

Baiti ya lile gurudumu sijaipata hadi leo.
Nikabandua plasta, taratibu, kana kwamba nilipanga.
Akaketi, akafungua kifungo cha gauni,
akaanza kuhesabu.